Chupa Kumi na Moja Dirishani

"Siku tisa," alisema Afisa Deslauriers, akaigongagonga kwa kalamu picha iliyokuwa mezani. "Mkataba unataka kumi na nne. Mimi sikuuandika."

Huguette Lanoix hakuketi ingawa alionyeshwa kiti. Alikuwa amepeleleza kesi za polisi wa mkoa kwa miaka ishirini na saba, akastaafu, na sasa alifanya kazi kwa wakili Sauriol wa msaada wa sheria. Katika miaka yote hiyo hakuna maneno yaliyomchemsha damu kama hayo mawili ya mwisho. Kila mtu katika ofisi hii ya mpakani alikuwa nayo mdomoni. Ungedhani mkataba ulijiandika wenyewe, ukaja kwa miguu yake na kujitundika ukutani.

Na haukuwa mgumu kuuelewa. Nchi mbili jirani zilikubaliana kwamba mwomba hifadhi aliyevuka porini, akishikwa kabla ya siku kumi na nne kutimia, atarudishwa upande wa pili bila kusikilizwa. Zikitimia, ana haki ya kukaa mbele ya hakimu na kueleza kilichomkimbiza kwao. Kuzithibitisha siku hizo ni kazi yake mwenyewe. Yaani mtu apite msituni gizani akimwomba Mungu asionwe na yeyote, halafu alete mashahidi waliomwona. Siku za mwizi ni arobaini. Mkimbizi wamempa kumi na nne, na yeye anatakiwa azihesabu kwa sauti.

"Mwenyewe anasema alivuka lini?" Huguette aliuliza.

"Tarehe kumi na moja. Leo ishirini na tisa, kwa hiyo zingekuwa siku kumi na nane. Lakini kamera yetu imemnasa tarehe ishirini akitoka kwenye mstari wa mpaka kuja huku. Halafu Clermont Viens, mwenye msitu ule, katupigia simu leo saa kumi na mbili asubuhi. Anasema ameanza kuona nyayo za mgeni tangu tarehe hiyohiyo. Kamera na shahidi, Bi Lanoix. Unataka nini tena?"

"Viens ndiye aliyewaita?"

"Raia mwema. Saa kumi jioni jirani zetu wanampokea huyo mwanamke getini."

"Kisha ndege ya Port-au-Prince."

"Hayo ni yao."

Huguette aliichukua picha. Mwanamke mwenye koti jekundu, mgongo kwa kamera, anatembea kuelekea kaskazini kati ya miti ya mepo, theluji ikimfika kwenye vifundo. Mkono wa kulia umeshika kitu, wa kushoto vilevile. Mabega yote mawili yamevutwa chini sawasawa.

"Hivi ni nini?"

"Mabegi."

"Umemwonyesha mtu picha hii? Yeye mwenyewe ameiona?"

"Hapana. Ni ushahidi."

"Vizuri," alisema Huguette. "Usimwonyeshe."

*

Wideline Exantus alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani kutoka Carrefour, kando ya Port-au-Prince, na koti jekundu alilovaa lilikuwa la mwanamume mnene. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira, na Huguette alimpenda papo hapo kwa hilo.

"Nimeshasema mara nne, Madanm. Ya tano mnataka niimbe?"

"Niambie mimi kama sijui kitu. Mimi si wao."

Akasema. Alivuka usiku wa kumi na moja, akalala kwenye banda la kuni. Asubuhi mwenye banda akamkuta. Mzee Viens hakumfukuza. Alimpa supu ya njegere na koti, akamwambia: kaa hapa siku kumi na nne, usionekane barabarani, halafu mimi mwenyewe nitakupeleka Montreal kwa gari, mpaka mlangoni pa ofisi ya wakimbizi. Aliujua mkataba kuliko yeye. Na kwa kuwa maji ya mepo, yale yanayokingwa kwenye shina na kuchemshwa mpaka yawe asali, yalikuwa yanashuka na mikono ilikuwa haitoshi, asaidie kidogo.

"Kidogo!" Wideline alicheka bila furaha. "Nimechochea moto tangu alfajiri mpaka usiku. Nimechota, nimechemsha, nimemimina, nimebandika karatasi. Tarehe ishirini na sita nikamwambia, bwana, siku zimetimia. Akasema maji bado yanashuka, mwanangu, subiri yakome. Juzi yakakoma. Leo asubuhi nasikia gari, nikasema ndiyo hiyo, Montreal. Nikatoka mwenyewe, Madanm. Nimejifunga kitambaa kizuri."

Huguette alitukana kwa vyombo vya altareni, matusi ya watu wa huko, kimoja baada ya kingine, kama baba yake alivyokuwa akifanya pipa likimwangukia mguuni.

"Tarehe ishirini ulikwenda mpakani?"

Wideline alishangaa. "Umejuaje? Mpira wa kuteremshia maji ulitoboka kule mwisho wa msitu, karibu na mstari. Akanituma nikachote yanayomwagika."

"Ulibeba nini?"

"Ndoo mbili. Za vifuniko."

Mlangoni, Afisa Deslauriers alijikuna shingo na kutazama kwingine. Mtu anayevuka mpaka mbio huweka mzigo mgongoni ili mikono iwe huru. Mwenye ndoo mbili zilizojaa ndiye anayetembea amenyooka namna ile, akiogopa kumwaga.

"Nipe mikono yako."

Kwenye kifundo cha kushoto kulikuwa na kovu la kuungua, ngozi changa ya waridi, jeraha la wiki mbili au zaidi. Kwenye kidole gumba cha kulia kulikuwa na alama ya zamani, mistari miwili iliyokatana katikati ya nyama.

"Hii?"

"Sindano ya cherehani ilipita hapo mara mbili. Nilikuwa bado najifunza."

Deslauriers alikohoa. "Kuungua mtu anaweza kuungua popote. Na ndoo anaweza kusema tu. Mimi nahitaji kitu chenye tarehe."

"Utakipata," alisema Huguette. Hakuwa na hakika hata kidogo.

*

Clermont Viens alikuwa uani, anafagia. Huguette hakuwahi kusikia mzee yeyote wa kijiji cha Saint-Anaclet-des-Lignes akifagia uwanja wenye matope mwezi wa tatu.

"Binti Lanoix! Karibu. Nilidhani walishakuzika polisi."

"Walijaribu, nikanuka, wakanitoa. Msimu ulikuwaje?"

"Mzuri. Asali nyeupe kama maji ya ubatizo mwanzoni."

"Umepika na nani?"

"Peke yangu na Mungu."

"Na Mungu alikuwa anachochea au anaangalia sinia la kuchemshia?"

Mzee alicheka, lakini ufagio ulisimama. Huguette alikulia kwenye banda kama hili. Mtu mmoja hawezi: ukienda kutia kuni, asali inaungua, ukibaki kwenye sinia, moto unalala. Karibu na kisima kulikuwa na jivu bichi, na katikati ya jivu springi za godoro.

"Umechoma kitanda?"

"Panya."

"Naweza kuingia nione banda? Nalikumbuka la baba."

Hangeweza kumkatalia bila kuonekana mbaya, na Clermont Viens alipenda sana kuonekana mwema. Ndani palinuka dawa ya madoa mpaka macho yakawasha. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, sakafu imesuguliwa. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, vyote vimepangwa mahali pa kuonekana. Kazi safi. Huguette aliwahi kushika wauaji wasiojua kufagia namna hiyo.

Kisha akainua macho dirishani.

Chupa kumi na moja zilisimama kwenye ubao, jua likipita ndani yake. Kila mpiko wa asali unaacha chupa moja dirishani. Ya kwanza ina rangi ya majani makavu, zinazofuata zinazidi kukolea siku hadi siku, ya mwisho nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ndivyo walivyofanya baba yake, na babu yake, na kila mtu barabara hii. Jirani akija, hakuulizi habari ya msimu, anatazama dirisha. Mzee Viens alikuwa amechoma godoro, ameosha sakafu, amehesabu vijiko. Safu hii hakuigusa, kwa sababu hakuna mpishi anayeigusa kabla ya Pasaka. Inawezekana alishaacha kuiona.

Kila chupa ilikuwa na kikaratasi cha tarehe. Tarehe nane na tarehe kumi zilikuwa za mwandiko mnene wa mtu aliyezoea shoka. Kuanzia tarehe kumi na mbili mwandiko ulikuwa mwembamba, umelala upande, tarakimu zimenyooka kama mshono.

Huguette alishika chupa ya tarehe kumi na mbili na kuigeuza kwenye mwanga. Nyumba nyingi siku hizi zina gundi. Kwa akina Viens karatasi bado ilibandikwa kwa tone la asali ya mpiko uleule, ikibanwa kwa kidole gumba mpaka ishike. Asali ilikuwa imefurika ukingoni mwa karatasi na kukauka, na juu yake kulikuwa na mistari ya kidole. Katikati ya mistari hiyo, mikato miwili iliyopishana.

"Rudisha," alisema mzee.

Sauti ilikuwa nyingine. Alikuwa ameuacha ufagio.

"Mwandiko mzuri, Clermont. Ulianza shule lini? Tarehe kumi na mbili?"

"Una hati ya kupekua? Huna. Wewe si polisi tena, ni mwanamke unayezunguka kwa watu. Weka mali yangu chini utoke."

"Ulimwahidi Montreal."

"Nilimlisha! Nilimpa koti!" Uso ulimwiva. "Angefika kule angesema nini? Kwamba Viens anaficha watu? Kwamba Viens anawatumikisha? Mimi nasimamia sadaka kanisani, Huguette. Akirudi kwao hakuna aliyeumia."

Aliyasema hayo kwa moyo wake wote. Huguette alitaka kumpiga, alitaka kweli, na akaiweka chupa ubaoni polepole kwa sababu vinginevyo ingemwendea mzee usoni. Akatoka.

Alikuwa ameshika mlango wa gari aliposikia kioo kikivunjika ndani ya banda. Kimoja. Kingine. Alisimama kwenye matope akahesabu. Tisa. Akangoja cha kumi, hakikuja. Zile mbili za kwanza mzee alikuwa ameziacha, zilikuwa za mkono wake mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ushahidi ulikuwa sasa vigae na asali sakafuni. Na hakuwa amepiga picha hata moja! Miaka ishirini na saba ya kazi, halafu anaingia kuchokozana na mzee kama mtoto wa shule. Alijitukana mpaka njia panda. Hapo akasimamisha gari ghafla, lori la nyuma likampigia honi.

Chupa ni za dirishani, za fahari. Asali yenyewe inakwenda kwenye mapipa. Na kila pipa lina kikaratasi kilekile.

Huko uani hakuona pipa hata moja.

*

"Shoga, umechelewa," alisema Odette Racicot wa ghala la ushirika, bila kuacha kutafuna mkate wake. "Ya Viens yameshaingia karibu yote. Mwaka huu kawahi, sijui kapata jini gani la kumsaidia."

"Nataka la tarehe kumi na mbili."

"Kwa nini?"

Huguette alimweleza kwa sentensi nne. Odette aliweka mkate chini katika ya pili, na katika ya nne akataja tabernakulo kwa sauti iliyofika mwisho wa ghala.

Pipa lilikuwa safu ya tatu. Kikaratasi kilikuwepo, mwandiko mwembamba uliolala, na juu yake muhuri wa ghala: limepokelewa tarehe kumi na nne, saa tano na robo asubuhi. Muhuri ulipigwa nusu kwenye karatasi, nusu kwenye bati la pipa, kama wanavyofanya siku zote ili mtu asibadilishe karatasi akageuza asali mbaya kuwa nzuri. Pembeni ya karatasi, chini ya wino wa muhuri, tone la asali kavu. Huguette alitoa lenzi aliyoondoka nayo polisi bila kuaga.

Mistari. Na mikato miwili, imekatana katikati.

Alihesabu kwa vidole, mara mbili. Kutoka kumi na nne mpaka ishirini na tisa: kumi na tano. Siku moja zaidi ya zile wanazozitaka, hata ukiacha tatu za kwanza.

Alimpigia Deslauriers. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Nitumie picha," alisema afisa.

"Picha utasema imechezewa. Njoo uone pipa."

"Siwezi kuondoka. Ibandue basi karatasi uilete."

"Nikiibandua, muhuri unakatika, utasema nimeibandika mwenyewe jana."

"Basi sijui la kukusaidia, Bi Lanoix. Saa kumi ni saa kumi. Utaratibu mimi..."

Huguette alikata simu kabla hajamalizia. Odette alikuwa ameshapanda kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo.

"Pipa lina kilo mia mbili na sabini," Odette alisema. "Pikapu yako ina breki?"

"Zilikuwepo asubuhi."

"Basi. Kama wao hawaji kwenye pipa, pipa liende kwao. Nami naenda nalo, nilipiga muhuri kwa mkono huu huu. Nione nani ataniambia mimi ni mwongo."

*

Walifika saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Gari jeupe lilikuwa tayari limewashwa karibu na geti, Wideline ndani yake, kile kitambaa chake kizuri kichwani. Ng'ambo ya mstari maafisa wawili wa nchi jirani walisimama wameweka mikono kiunoni, wakisubiri mzigo wao.

Huguette aliipeleka pikapu moja kwa moja mbele ya gari jeupe, akaizima hapo, akaweka ufunguo kwenye sidiria.

"Umeziba njia ya serikali!" Deslauriers alikuja mbio bila kofia.

"Panda."

"Nini?"

"Panda nyuma ya gari langu, kijana, usome. Kusoma unajua."

Alipanda. Labda kwa sababu Odette alikuwa tayari huko juu, amesimama kando ya pipa kama mama wa bibi harusi, na pale getini watu walikuwa wanatazama. Alisoma tarehe. Aliupitisha ukucha mahali muhuri ulipotoka kwenye karatasi kuingia kwenye bati. Huguette alimpa lenzi.

"Asubuhi mlimchukua alama za vidole?"

"Tunawachukua wote."

"Zitoe."

Akazitoa kwenye simu yake ya kazi. Aliangalia simu, akaangalia asali, akarudi kwenye simu. Hakuhitaji mtaalamu. Ile alama ya sindano mtu angeiona akiwa amesimama hatua mbili.

"Hii inaweza kupelekwa maabara," alisema kwa sauti ya chini. "Wiki tatu..."

"Peleka. Na wiki hizo tatu anazingoja upande huu. Wakili Sauriol yuko kwenye simu, anakusikia. Mpe jina lako lote ili amwandikie hakimu kwamba ulikuwa na kidole cha tarehe kumi na nne mkononi, ukamvusha mtu saa kumi kwa sababu gari lilikuwa limeshawashwa."

Deslauriers alifungua mdomo.

"Na usiniambie hukuuandika," alisema Huguette. "Unausoma. Inatosha."

Afisa alishuka, akaenda mpaka kwenye mstari, akazungumza na wale wawili. Mmoja wao alicheka, akatazama saa, wakaondoka. Hivyo tu. Kwao jambo zima lilikuwa la dakika moja.

Ndani, Wideline aliwekewa fomu ya kuomba hifadhi, ileile aliyoiomba tangu asubuhi. Deslauriers alijaza jina na mahali alipozaliwa. Akamsogezea kidau cha wino.

"Kidole gumba hapa, tafadhali."

Wideline alikitazama kidole chake, akamtazama afisa.

"Hiki mlikuwa nacho tangu asubuhi," alisema. "Na mdomo mlikuwa nao. Mdomo ulisema mara tano, hamkuutaka. Asali imesema mara moja, mmesimamisha gari. Na yule atakayekuja kesho, ambaye hakumpikia mtu chochote?"

Odette alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Huguette alitaka kusema neno la kumtuliza, akatafuta, akaona halipo, na kwamba hata angelipata asingelisema.

Wideline hakubonyeza. Alirudisha kidau cha wino upande wa afisa na kuweka mikono yote miwili mapajani.

"Tarehe ya kuingia hujajaza," alisema. "Kumi na moja. Andika kwanza. Kwa sababu nimesema mimi."

Deslauriers alishika kalamu. Akaandika.